Maziwa ya Kapita Hayapimwi

Kapita, mukubwa wa serikali kwenye kilima chetu, simupendi, na yeye hanipendi. Hapo tunalingana. Mwalimu wetu anasema mutu akiandika habari za maisha yake aanze na jambo lenye kumufurahisha. Nimetafuta. Jambo lenye kunifurahisha ni siku maziwa ya kapita yalipomwagwa kwenye mufereji mbele ya watu wote, kwa hiyo nitaandika habari ya siku ile na ya taabu iliyofuata. Mwalimu akichukia, aniambie nianze tena.

Hapa Burungu watu wa ngombe wanakamua alfajiri, kisha wanapeleka maziwa barabarani, kwenye leteri, nyumba ya maziwa ya muzungu mwenye kutengeneza fromaji, yaani jibini. Karani wa leteri anasimama nyuma ya meza na kipimo chake, kijiti cha kioo chenye tumbo zito chini. Anakitumbukiza ndani ya bido, kopo kubwa la chuma la maziwa. Maziwa mazuri yanakibeba kipimo juu. Maziwa yenye maji yanakiacha kizame, na hapo karani anapiga mbinja, bido inapinduliwa mufereji, na mwenye bido anarudi nyumbani na chuma kitupu na haya yake. Mbwa wa pale barabarani wamenenepa kushinda watoto wa shule.

Sasa, hakuna mutu kwenye kilima hiki anayeongeza maji. Uliza nyumba kwa nyumba. Mwenye kuongeza maji ni jirani. Na kama kila mutu anajua kwamba jirani ni mwizi, basi ni kitu kidogo tu kusema: nikuwekee kuku wangu kwamba leo maziwa ya jirani yatamwagwa. Njo vile kamari ya maziwa ilianza. Watu waliweka yai, kuku, kipande cha chumvi, wakasimama kandokando ya meza ya karani wakitazama kile kijiti kama wanatazama mugonjwa anayekata roho. Kikizama, nusu ya watu wanapiga vigelegele, na mwenye bido anahesabu nyuso za waliofurahi, hazisahau hadi kaburini. Mama yangu aliacha kusalimia mwanamuke wa nyumba ya chini kwa sababu yule aliweka jogoo juu ya bido yetu. Jogoo alimupoteza, maziwa yetu yalikuwa mazuri siku ile. Siku ile, nasema.

Kapita aliona chuki hii akakasirika. Siku ya Mungu, kisha Misa, alipanda juu ya jiwe akatangaza:

"Tangu leo, mutu asicheze tena kamari ya maziwa! Inaharibu watu. Inaleta chuki kati ya ndugu."

Watu walisema amina, maana walikuwa bado na amina mudomoni. Lakini juma lililofuata tulimuona polisi wa kapita amesimama karibu na leteri na kibuyu kikubwa. Mwenye kutaka kucheza, kapita alisema, acheze ndani ya kibuyu hiki tu. Unamupa polisi kitu chako, unamutajia bido ya nani itamwagwa, anaweka haragi moja la alama ndani ya kibuyu. Ukishinda, unagawana vitu na wengine walioshinda, ila kwanza inatoka sehemu ya kapita. Kapita aliiita sehemu ya barabara. Barabara yenyewe haijaona hata changarawe moja.

"Kaka," nilimuuliza kaka yangu, "kibuyu hakileti chuki?"

"Kinaleta," alisema. "Lakini ni chuki ya serikali."

Na kibuyu kilikuwa na sheria moja ambayo hata mutoto wa kunyonya aliijua: maziwa ya kapita hayachezewi. Hakukuwa na hasara yoyote katika sheria ile, kwa sababu maziwa ya kapita hayakupimwa. Bido yake ikifika, karani aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka pembeni pamoja na zile nzuri, kipimo kikabaki mezani kimelala. Sisi shuleni tulipoona mwalimu anaruka dikte, ile imla, ya mutoto wa kapita bila kuweka alama nyekundu, tulinong'onezana: maziwa ya kapita.

Ndipo akatokea mutu wa Kibua.

Kibua iko mbali, ngambo ya mupaka, tayari teritwari ya Walikale, kule kwenye pori na michikichi. Yule mutu hajafuga ngombe tangu azaliwe. Anasema ngombe inanuka kama blanketi lililonyeshewa. Lakini alisikia habari za kamari yetu kutoka kwa shofa, dereva wa kamyo inayopita kwetu na kufika kwake, na akaona kwamba mutu hahitaji ngombe ili apate faida ya maziwa. Akaanza kupokea kamari. Unamupa shofa kitu chako na neno lako. Kamyo ikirudi, inaleta habari. Ukishinda, inaleta mawese, samaki wa kukausha, pengine mbuzi aliyefungwa juu ya mizigo akilia kama binti anayeozwa kwa nguvu. Mutu wa Kibua hakukata sehemu ya barabara. Na alipokea kamari juu ya bido yoyote. Yoyote. Hata ya kapita.

Kapita alipanda tena juu ya jiwe lake.

"Kamari ya Kibua ni marufuku! Yule mutu si wa teritwari yetu. Hatumuoni. Akidanganya watu, tutamukamata wapi? Mutalia kwa nani?"

Nitasema kweli, ingawa inanichoma: yale maneno hayakuwa ya kijinga. Mutu usiyemuona anaweza kukula vitu vyako na kulala vizuri. Lakini kapita tulikuwa tunamuona kila siku, anakula vitu vyetu na analala vizuri, na hakuna aliyemukamata.

Kaka yangu wakati ule hakuwa anasikiliza sheria. Alikuwa anatafuta mutamba, yaani ngombe jike changa ambayo haijazaa. Alitaka kuoa. Binti aliyemutaka alikuwa mutoto wa Papa mumoja, yaani baba wa heshima, wa kilima cha pili, mwenye kuongoza sala wakati padri hayupo. Mimi nilimuita Papa wa Sala, si mbele yake. Papa wa Sala alikuwa anachukia kamari kushinda shetani mwenyewe. Shetani alimutaja mara chache, kamari kila siku ya Mungu. Kwa binti yake alikubali mbuzi zetu, akakubali majembe, lakini juu ya hayo alitaka mutamba mumoja. Na si mutamba wa kuokota. Kwetu ngombe ya ndoa lazima iwe na ukoo: siku ya kuitoa, mwenye kuitoa anasimama anataja mama yake, bibi yake, ni nani aliyeigawa, ilitoka kilima gani. Ngombe isiyo na bibi ni kama mutu asiye na kwao. Sisi ngombe zetu zilikuwa zimepigwa na ugonjwa. Zilizobaki zilikuwa ngombe zee mbili zisizo na meno na dume moja lenye hasira.

"Hadi Noeli," Papa wa Sala alimuambia kaka. "Kisha Noeli, kuko mutu wa Kitchanga anangoja. Yeye ngombe iko nayo."

Kaka alirudi nyumbani asile. Mama alimuwekea bugali na mashanza, maziwa ya kuganda, yeye akaangalia sahani kama imemutukana.

Wakati huo kaka alikuwa anabeba maziwa ya nyumba nyingi kwa kinga yake, baiskeli nzito nyeusi iliyokuwa mali yake pekee duniani. Kwa sababu ya kazi ile alizoeana na karani wa leteri, na asubuhi moja karani alimuambia, bila kufikiri, kwamba anahamishwa. Mwingine anakuja kutoka upande wa Sake. Hakuna mutu mwingine aliyesikia. Kaka alipanda mulima akisukuma kinga, akanikuta ninakata majani ya ngombe.

"Unajua," alisema, "huyu karani mupya hamujui kapita."

Nilicheka hadi panga likaniponyoka.

Siku ileile alimupa shofa neno la kupeleka Kibua: anaweka kinga yake nzima juu ya bido ya kapita. Jibu lilirudi na kamyo. Mutu wa Kibua alicheka pia, kumbe alijua kwamba maziwa ya kapita hayapimwi, akaona kinga ya bure inakuja kwake. Alisema: ukishinda, nakupa mutamba. Ninaye mumoja hapa, ananisumbua.

Kama kaka angepoteza, angebeba mabido ya watu juu ya kichwa hadi azeeke, na binti angeenda Kitchanga. Kila mutu aliyemupenda angemuambia asicheze. Mimi nilimuambia acheze. Sijutii.

Karani mupya alifika, kijana mwembamba mwenye saa kubwa kushinda mukono wake. Watu walikuwa wamejaa. Bido ya kapita ilipoletwa, watu walijitenga kidogo kama kawaida ili ipite. Karani akaifungua akakamata kipimo.

Polisi wa kapita alikohoa. "Karani, ile iko ya kapita."

"Kapita njo aina gani ya ngombe?" karani aliuliza, akatumbukiza.

Kipimo kilizama kama mulevi kitandani. Kilizama mupaka karani akaingiza vidole kukitafuta. Akakitazama, akamutazama polisi, akapiga mbinja. Hakuna aliyesogea kupindua ile bido, basi akaipindua mwenyewe. Maziwa ya kapita yaliteremka mufereji, ya rangi ya maji yaliyooshea mchele. Mbwa mumoja alikuja, akanusa, akaenda zake.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mimi tu nilitoa sauti moja, na mama alinifunika mudomo na mukono wenye harufu ya siagi.

Kapita mwenyewe alifika baadaye akikimbia, kofia mukononi. "Wewe! Unajua mimi ni nani?"

"Mimi napima maziwa, Papa," karani alisema. "Watu sipimi."

Mutamba tulienda kumupokea kwa miguu, kaka na mimi, wakati wa likizo ya shule, safari ndefu ya kupita Masisi na kuteremka hadi kijito ambacho watu wa njia wanakihesabu kama mupaka. Mutu wa Kibua alikuwa amesimama upande wake wa maji, mufupi, mwenye koti ya mvua jua likiwaka. Vijana wake wawili walishika kamba ndefu, mutamba mwekundu mwenye paji jeupe upande mumoja, wao upande mwingine, wakiogopana.

"Vuka, Papa, tukusalimie," kaka alisema.

"Mimi sivuki. Kapita yenu alisema akinipata kwenu atanifunga. Basi asinipate. Nasalimia kutoka huku."

"Na hii ngombe ilitoka wapi?"

"Ilitoka kwenu. Muntu wenu aliipoteza kwangu. Jina sisemi. Nikisema, kesho nani atacheza na mimi?" Akaniangalia. "Kamata kamba, kijana. Inakohoa kwa sababu ya pori hapa, inakula nguo za wake zangu. Iende tu."

Tulifika na mutamba karibu na nyumbani, tukaona tayari moshi wa jiko la mama, ndipo polisi wa kapita akatoka kwenye migomba. Kapita mwenyewe nyuma yake.

"Ngombe ya kamari ya marufuku," kapita alisema. "Naichukua. Kwa jina la sheria."

"Sheria ya nani?" niliuliza.

Polisi alinipiga kofi. Nilimuambia mukono wake una harufu ya haragi. Akaniongeza la pili.

Basi jambo likaenda tribinali, mbele ya wazee watatu wa kukata maneno. Wawili walilala. Wa tatu, mwenye kukaa katikati, alikuwa muzee wa mashamba, Muhunde kwa kabila, na kila mutu alijua anachukia watu wa ngombe kwa sababu ngombe zetu zilikula maharagi yake mwaka kwa mwaka. Kaka alipomuona alinong'ona: "Tumekufa." Mimi pia niliona vile. Muzee alitutazama sisi, akamutazama kapita, akamutazama mutamba aliyefungwa uwanjani, na uso wake haukubadilika hata mara moja: chuki ileile kwa wote, hata kwa ngombe.

Kapita alisema maneno yake. Mutu wa Kibua ni wa teritwari nyingine. Kamari yake ilikatazwa mbele ya watu wote. Kijana huyu alijua, akacheza. Kwa hiyo ngombe inyanganywe.

"Kamari ilichezwa wapi?" muzee aliuliza.

"Hapa!" kapita alisema. "Maziwa yalimwagwa hapa."

"Yangu ilikuwa Kibua," kaka alisema. "Nilimupa neno muntu wa Kibua, alinijibu kutoka Kibua, alinilipa kwenye mupaka, na mguu wake hakuuweka huku."

"Maziwa ya nani yalimwagwa?" muzee akauliza tena, kana kwamba hajui.

Kapita akapangusa kofia yake. Mimi sikunyamaza. "Ya kapita, Muzee! Maji ya kapita, tuseme!"

Watu walicheka. Muzee akanielekezea kidole. "Ule mutoto wa kinywa. Nenda kashike kamba ya ile ngombe. Utaishika mupaka tumalize. Labda ngombe itakufundisha kufunga mudomo."

Nikaenda kusimama na mutamba katikati ya uwanja, jua kichwani.

Ndipo kapita akaleta shahidi wake wa kusema ubaya wa kamari ya Kibua, na shahidi alikuwa Papa wa Sala. Kaka alifunga macho. Papa wa Sala aliingia uwanjani na koti lake jeusi la siku ya Mungu, akapita karibu nami ili afike mbele ya wazee. Mutamba akanyanyua kichwa. Akanivuta, mimi na kamba yangu, akapeleka pua moja kwa moja kwenye mufuko wa lile koti akaanza kuulamba.

Kila mufugaji anajua maana yake. Ngombe inalamba mufuko wa mutu aliyezoea kuipa chumvi kutoka mufuko ule.

"Inakujua, hii?" muzee aliuliza.

"Hapana." Papa wa Sala alisukuma pua. Pua ikarudi. "Ngombe zote zinapenda koti."

"Haujawahi kuiona?"

"Hata mara moja. Kamari ni dhambi, Muzee, na mwenye kucheza na watu wa ngambo anauza kilima chake." Akaendelea vile, vizuri, kwa sauti ya kanisani, na mutamba anaendelea kulamba.

Mimi nilikuwa nimeambiwa nifunge mudomo. Lakini nilimuona kaka, na nilijua mutu wa ngombe ni mutu wa namna gani. Unaweza kumuita mwizi, atakwenda kuongea na padri. Unaweza kumuita mwongo, atakuambia wewe pia. Kuna kitu kimoja tu hawezi kuvumilia.

Nikasema kwa sauti, kama nasema na ngombe: "Masikini mutamba. Inalamba kila mutu. Haina kwao. Mama yake ilikuwa ya kuokota, naona, ile ya mapembe mabovu na matiti makavu."

"Nani ni ya kuokota?" Papa wa Sala aligeuka, na ile sauti ya kanisani ilibaki nyuma. "Nani ina matiti makavu? Wewe mutoto wa mashetani! Mama yake ni ile nyeusi ya mapembe marefu, iliyojaza vyungu viwili asubuhi na viwili magaribi! Bibi yake alitolewa na mukwe wa baba yangu, alitoka juu ya Kitchanga, hakuna ngombe kwenye milima hii yenye ukoo kama..."

Akasimama. Mukono wake ulikuwa bado juu.

Uwanja muzima ulinyamaza, hata wazee wawili waliolala waliamka kwa sababu ya kimya. Papa wa Sala aliteremusha mukono polepole, akauweka kichwani mwa mutamba, kwa sababu sasa hakukuwa na faida tena ya kumukataa.

"Basi," muzee alisema, "ngombe imepata bibi. Uliipotezaje, Papa?"

Papa wa Sala alianza kufunga vifungo vya koti.

"Uliicheza Kibua."

"Mara moja," Papa wa Sala alisema.

"Mara moja," nilimuambia mutamba. Mutamba akakohoa.

Kapita alikuwa ameruka. "Munaona, Muzee! Munaona! Kamari ya Kibua imeharibu hata muntu wa Mungu! Njo maana niliikataza!"

"Ngoja," muzee alisema. "Nikate vizuri. Wewe unasema kamari ya ngambo haina nguvu hapa. Kama haina nguvu, basi ile iliyotoa ngombe hii kwa Papa pia haikuwa na nguvu. Ngombe inarudi kwa Papa. Kijana anatoka mikono mitupu. Na wewe kapita, wewe unapata nini? Haupati hata mukia."

Niliona Papa wa Sala akiinua uso kidogo, kama mutu anayesikia harufu ya nyama. Na niliona kaka akikamata ukingo wa benchi. Kama muzee angekata hapo, mutamba angeenda bure kwa yule yule aliyekuwa anamungoja kama mali ya ndoa, na binti angeenda Kitchanga vilevile.

"Lakini kuko neno la pili," muzee alisema. "Kapita anaweza kukataza kamari. Ni haki yake. Inaleta chuki, mimi mwenyewe nimeona. Anaweza hata kumukataza muntu wa ngambo asiyeonekana, hapo sikatai. Lakini akataze kwa sababu ya chuki kweli. Huwezi kukataza moto wakati wewe mwenyewe unauza makaa. Kibuyu chako, kapita. Kiko wazi ao kimefungwa?"

"Kile ni kingine! Kile kiko cha barabara!"

"Barabara naijua. Nilianguka juu yake nikija hapa." Muzee aliegemea mbele. "Nakupa njia mbili. Funga kibuyu leo, mbele yetu. Hapo nitaamini kwamba ulikataza kamari kwa ajili ya watu, marufuku yako itasimama hata juu ya Kibua, na ngombe itarudi kwa Papa. Ao acha kibuyu wazi. Hapo marufuku yako si sheria. Ni muchuuzi anafukuza muchuuzi mwenzake, na mimi sikati maneno ya wachuuzi. Ngombe itabaki kwa kijana. Chagua."

Papa wa Sala alimugeukia kapita. "Kifunge, ndugu yangu," alisema. "Kifunge, kwa jina la Bwana."

Sijawahi kumuona mutu akiteseka kama kapita siku ile, na nilijaribu kutosahau hata kidogo. Alitazama ngombe ambayo haingekuwa yake hata akifanya nini. Alimutazama polisi wake, na polisi alikuwa amekumbatia kibuyu kama mutoto mugonjwa.

"Kibuyu," kapita alisema mwishoni, "kiko cha barabara."

"Basi," muzee alisema. "Kijana, peleka ngombe yako. Na isipite kwenye maharagi yangu." Kisha akatema mate chini, upande wetu sote, bila upendeleo.

Tulitoka na mutamba. Hakuna aliyetupongeza. Watu wa kapita walitutazama kama wezi, na waliocheza Kibua walitutazama vibaya zaidi, maana sasa kila mutu alianza kuuliza nani mwingine alipoteza nini kule ngambo. Mama ya binti, tulisikia, alimuambia mume wake maneno ambayo hayamo kwenye kitabu cha sala.

Kaka hakungoja. Kesho yake asubuhi alimupeleka mutamba kwenye lupango, yaani ua wa nyumba, ya Papa wa Sala, na wajomba zetu wawili wenye kuzungumza vizuri. Mimi pia nilikwenda. Papa wa Sala alitupokea amesimama, bila kututolea kiti.

"Hii ngombe iko yangu," alisema.

"Ilikuwa yako, Papa," mujomba wetu alijibu kwa heshima. "Sasa iko ya kijana. Na kijana anakupa. Ukiikataa, tutarudi nayo, itakaa kwetu, na kila siku utaisikia ikilia kutoka kilima kile."

Mutamba alikuwa tayari ameingia zizini mwenyewe na kulala mahali pake pa zamani. Papa wa Sala aliitazama muda mrefu. Alikuwa anapewa ngombe yake mwenyewe, na kwa ajili yake anatoa binti. Sijui kama kuna hesabu ya shule inayoweza kumufariji mutu wa namna ile. Nilitaka kumuuliza, lakini kaka alinikanyaga kidole.

"Nakubali," alisema. "Lakini naweka sharti. Ule mutoto wenu mwenye mudomo asikanyage lupango yangu. Si siku ya ndoa, si siku nyingine. Hata nikifa asije kulia hapa."

Wajomba walikubali haraka sana. Niliona hata kaka alikubali haraka.

Siku ya ndoa, kisha Misa, watu wote waliingia mule ndani, na mimi nilibaki nje ya miti ya lupango, kwenye njia. Ndani waliimba, walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, nilisikia harufu ya mbuzi zetu wenyewe zikichomwa. Hotuba ya Papa wa Sala niliisikia yote. Alisema juu ya uaminifu. Nilicheka, na ndani nilisikia wengine wakijaribu kutocheka. Baadaye bibi harusi mwenyewe alikuja kwenye miti, kitambaa cheupe kichwani, akapitisha juu yake sahani ya bugali na mufupa mukubwa wenye nyama.

"Kula, shemeji," alisema. "Na uache kucheka, Papa anakuja."

Alikuja kweli, fimbo mukononi, akasimama upande wake wa miti.

"Nilisema nini? Toka hapa!"

"Sijakanyaga lupango, Papa. Niko njiani. Njia iko ya Leta, ya serikali."

Alitazama miguu yangu. Alitazama miti yake, mahali inapoishia, na majani ya njia yanapoanzia. Nilimuona anatafuta sheria ya kunitoa pale. Mimi nilikuwa natafuna, na sikuwa na haraka.

"Usitupe mufupa hapa," alisema mwishoni, akarudi ndani kwa watu wake.